Mashine Mbili Chini ya Leso

Plastiki iliyopata moto, ikichanganyika na vumbi la Garsen, ina harufu yake, na mimi nikiinusa popote nakumbuka kibanda cha gemu cha baba. Kilikuwa cha mabati, nyuma ya uzio wa miti ya mathenge, na mchana joto lake lilitosha kuivisha mayai. Ndani kulikuwa na televisheni moja, mashine moja ya gemu, pedi mbili za kuchezea zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, na benchi ambazo wavulana wa mjini na wa Kulesa walizigombania kila walipotoka shule. Mimi nilikuwa msichana pekee mle, na niliwafunga mabao wengi wao, ingawa ukiwauliza leo watakana.

Baba alikuwa Muorma aliyezaliwa na kukulia katika ng'ombe. Ukame ulipomaliza zizi, aliuza wale wachache waliobaki akaweka kibanda, na hicho ndicho kilichotulisha. Alituambia wazi kwamba kikianguka atarudi malishoni kuchunga ng'ombe wa watu, miezi na miezi. Jambo hilo lilinikosesha usingizi kuliko mtihani wowote.

Basi siku moja akaja mchuuzi kutoka Malindi na boksi jeusi. Alieleza kuwa si mashine ya kizazi kipya. Ni ile ile tuliyokuwa nayo, ila imeongezwa nguvu kabla kizazi chake hakijaisha, na jina lake likarefushwa kidogo. Alitaka achukue yetu, baba aongeze pesa juu.

"Mzee, yako ishapitwa. Hii ndiyo ya sasa."

"CD yangu itacheza hapo?" baba akauliza.

"Zote, mzee. Gemu ni zile zile."

"Kama gemu ni ile ile, mimi nanunua nini?"

Mchuuzi akasema ni picha, picha ni safi zaidi. Sasa, baba hakuwahi kununua mtamba kwa maneno ya mwenye kuuza. Kwanza alikaa na ng'ombe mwenyewe mchana kutwa akimtazama anavyokula na anavyotembea. Na siku ile akachukua leso ya mama akazifunika mashine zote mbili, akaziunganisha kwa zamu kwenye televisheni yetu, akatuita tucheze kisha tumwambie ipi ni mpya. Tulicheza tukikodoa macho. Mmoja akasema hii, mwingine ile, mimi nikabahatisha nikakosa. Mchuuzi akanong'ona kwamba tatizo ni televisheni, nayo inataka kubadilishwa.

Baba akatabasamu kama mtu aliyefunua mdomo wa ng'ombe akaona jino bovu. "Na kesho utaniambia nyumba," akasema, akamrudishia boksi lake. Mimi nilijivuna sana. Nilikuwa nimeshamshuku mchuuzi yule kila kitu chake, hata viatu.

Boksi lilivuka barabara tu. Bwanaheri, kijana wa Kipini aliyekuwa na kibanda kama chetu, alilinunua akaandika jina lile refu kwa rangi nyekundu mlangoni. "Ndooni mutizame," akawaita watoto, "hini si kama ile ya mzee." Televisheni yake ilikuwa kuukuu kama yetu. Wale wale waliobabaika mbele ya leso wakahamia kwake, na benchi zetu zikabaki na kuku.

Baba hakugomba. Alasiri moja akanipa hela ya kucheza. "Halima, nenda ona ile mashine. Kuja uniambie kweli."

Nikaenda. Niliporudi nilimwambia hakuna tofauti yoyote, ni jina tu, nikidhani nimemletea habari njema.

Akatazama nje. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. "Basi mbona umekaa mpaka sasa?"

Nikajifanya nafukuza kuku kwenye benchi. Kabla mwezi haujaisha kibanda kilifungwa, na baba akaondoka na ng'ombe wa watu kuelekea Wenje. Nililia hadi sauti ikakauka.

Kwa miaka nilimlaumu mchuuzi, na Bwanaheri, na hao wanaotengeneza mashine hizo huko kwao na kuziongeza nguvu nusunusu ili ya jana ionekane mzoga. Bado siwaamini. Lakini sasa mimi ni mtu mzima, na ndipo nimeng'amua kwamba siku ile baba hakunituma kuichunguza mashine, hiyo alikwishaijua. Alitaka kuona mwanawe mwenyewe, aliyeujua ukweli wote, angerudi nyumbani saa ngapi.