Bakuli Nililolifunika

Uzee huu si wa kutunga uongo. Ninayoandika yalinifika mwenyewe, hapa Woolwich, kwa Waingereza, na sikuwa na homa wala dawa yoyote tumboni. Asiyetaka kusadiki aishie hapa.

Tulikuwa na mpangaji wa chumba cha juu, Mei, binti wa Kichina anayesoma chuo. Kiingereza changu ni cha sokoni, chake cha darasani, tukaelewana hivyo hivyo. Kuniita "Bibi" alijifunza kwa wajukuu zangu. Wiki ile alipigiwa simu na kwao: bibi yake aliyemlea amefariki, na wameshamzika. Walimficha kwa sababu ya mitihani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye aliacha kula. Siku nne, chai tu. Nikamfokea, nikambembeleza, wapi! Alikwishaanza kufunga sanduku, masomo ayaache.

"Bibi, aliniahidi atakuja kuniona huku. Sasa njia ataijuaje?"

"Maiti hana safari, mwanangu. Kula."

Siku ya tano akapika wali, akautia bakulini, akausimamishia vijiti vyao viwili vya kulia kama antena, akauacha mezani dirishani, akaenda zake chuo. Hakunieleza kitu. Kwetu chakula hakiachwi wazi, shetani hukila. Nikavichomoa vijiti, nikafunika bakuli kwa kawa langu la ukili nililokuja nalo kutoka Unguja. Nikajiona nimemfanyia hisani.

Saa kumi na nusu, ile saa ambayo majira ya baridi giza lishaingia na watoto ndo kwanza wanatoka skuli, mlango ukagongwa. Nafungua, bi kizee wa Kichina, koti la buluu, viatu vya kitambaa. Mvua inamwagika, yeye mkavu! Niamini, vile viatu nilivitazama vizuri, kwa sababu alivivua mwenyewe mlangoni, jambo ambalo hata wanangu mpaka niwakumbushe. Nikasema huyu ana adabu. Nikamkaribisha, nikidhani jamaa wa Mei.

Alikaa mbele ya kawa. Nikampakulia wali wangu wa nazi na mchuzi, hakuugusa. Akapeleka mkono kwenye kawa, ukarudi. Akapeleka tena, ukarudi, kama mtu anayesukuma kioo. Mkono wa kushoto, kidole cha pete kimekatika nusu.

"Hicho kina mwenyewe, bibi," nikamwambia.

Akanitazama. Jicho la njaa nalijua, nimelea watoto saba. Basi nikafunua.

Wali wa asubuhi ulikuwa unafuka mvuke! Nikageuka kuchukua vijiti. Kurudi, kiti kitupu. Viatu havipo, na mlango nimeufunga kwa ndani. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka koo likakauka.

Mei alipoingia tu, nikamvaa: "Una wageni huniambii?"

"Sina mgeni, Bibi."

"Na yule bi kizee wa kidole kilichokatika?"

Akaweka begi chini taratibu. "Kidole gani?"

"Cha pete. Kushoto."

"Mashine ya kiwandani," akasema, "kabla sijazaliwa." Kisha akaliona kawa. "Bibi! Ulimfunikia?"

Sijapata kuona haya namna ile. Lakini mtoto alikuwa anacheka huku analia. Akavuta kiti, akaumaliza ule wali wote, na mchuzi wangu juu yake. "Kumbe njia ameijua," akawa anasema, mdomo umejaa. Usiku huo huo alifungua sanduku, nguo akazirudisha kabatini. Chuo alimaliza.

Alikuwa nani yule? Dini yangu inaniambia wafu hawarudi, na dini yangu naishika. Labda jini kavaa sura. Lakini jini gani anavua viatu mlangoni? Miaka yote hii najiuliza. Kawa silitumii tena, nimelitundika ukutani jikoni. Kuna siku za mvua nikilipapasa nalikuta lina joto, na hakuna aliyepika.

Kwa hiyo wewe unayeishi na mtu wa kwao kwingine, usiguse chakula alichoweka mpaka umuulize amemwekea nani. Na akikugongea mzee mkavu mvuani, usimhoji. Mfunulie. Ametoka mbali, na ana njaa.