Majani Mafupi ya Sitalike

Jirani yangu hapa Mpanda mjini hufyeka uwanja wake kila Jumamosi asubuhi, na kila anapofyeka mimi nafunga dirisha. Anadhani naogopa vumbi. Sijamwambia kwamba ni ile harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, harufu tamu ambayo watu wengine huipenda. Mimi hunipeleka Sitalike bila nauli, na Sitalike ile si mahali ninapopenda kurudi.

Nilikuwa darasa la nne. Baba, Msukuma aliyehamia Litapunga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, alikuwa ameahidi kwamba mahindi yakikubali tutakwenda Sitalike, kijiji cha mlangoni mwa hifadhi, kama watu wengine, tulale gesti, tuone viboko. Mahindi yakakubali. Likizo ilipofika tukapanda basi, baba, mama, mimi na mdogo wangu Masanja wa miaka minne, na kikapu cha viazi vya kuchemsha ili tusile hotelini. Njia nzima baba alitufundisha. Kiboko, alisema, ni mnyama wa majini kama samaki, tofauti ni kwamba yeye ana masikio. Abiria mmoja nyuma yetu alikohoa.

Mgeni kuku mweupe. Tulizunguka kijijini na kikapu chetu tukitafuta chumba cha bei nafuu, watu wakitutazama, na baba alikagua gesti kama anavyokagua ng'ombe mnadani: anaanza kuzunguka nyuma. Moja ilikuwa na vitanda vizuri na bei ya wazungu. Nyingine ilikuwa na baa mlangoni, mama akakunja uso, yakaisha. Iliyobaki ilisimama peke yake mwisho wa kijiji, karibu na mto, na bei yake ilikuwa ndogo hadi baba akauliza tena kama amesikia vizuri. Alipozunguka nyuma akatuita kwa furaha.

Huko, kuanzia ukutani hadi kwenye miti ya mtoni, majani yalikuwa mafupi, mabichi, yamelingana kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Kwingine kote yalikuwa yamekauka na kutuzidi kimo.

"Mnaona nyie?" baba alisema. "Hapa pamelishwa. Kuna ng'ombe, tena wengi. Na penye watu wa ng'ombe, sisi hatupati shida."

Ndivyo watu wa kwao walivyochagua pa kulala walipokuwa wakihama na mifugo. Walitazama majani, nyumba baadaye. Akalipa papo hapo.

Nilimwona mama akiinama kwenye kichaka kilichochafuliwa na mavi hadi juu kwenye matawi, akanusa. Akampiga mbung'o aliyetua shingoni pake, akamtazama kwa muda pale kiganjani. Kisha akafungua kitenge, akamweka Masanja mgongoni na kumfunga kwa nguvu, jitoto zima lenye kukimbiza mbuzi! Nilicheka hadi nikapaliwa. Masanja alilia kwa aibu. Mama hakumshusha hata wakati wa kula.

Mhudumu, binti mpole, alituletea taa na kusema jua likizama tufunge mlango, na choo tukitumie mapema. Baba akamwonyesha fimbo yake, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Usihofu, mayu. Wezi wa mifugo nawajua."

Binti alifungua mdomo, lakini wakati uleule akaitwa mbele, akaenda.

Mwanga ulipobaki kidogo tu juu ya miti, tukaanza kusikia vinywa vikikata majani nje, vingi, taratibu, karibu kabisa na ukuta. Hakukuwa na kengele. Hakukuwa na mchungaji anayepiga mluzi. Baba alitabasamu. Nyumbani kwetu ilikuwa ni utovu wa adabu kukaa ndani huku ng'ombe wa mwenyeji wanapita; unatoka, unamsalimu mwenye mali, unaisifu mali yake. Akachukua fimbo, akanyoosha mkono.

"Nipe Masanja, akaone ng'ombe za watu."

"Muache, ana mafua," mama alisema. "Na wewe baba Masanja, si ungengoja asubuhi?"

"Asubuhi nisalimie nyayo?"

Masanja hakuwa na mafua. Nilijua hivyo, na nilimwonea huruma kwa kunyimwa raha yake.

Nilichungulia mlangoni. Uwanja ulikuwa umejaa maumbo makubwa meusi, manene, yasiyo na pembe. Nilitafuta hata pembe moja, sikuiona. Baba alipita kati yao hadi upande wa mto akimtafuta mwenye mali, akasalimu kwa Kisukuma, kwa heshima, "Mwadila!"

Kutafuna kukakoma kote. Umbo moja likainua kichwa, likafungua kinywa, na kinywa kile kikazidi kufunguka. Walikuwa viboko, walewale tuliopanga kuwaona kesho yake, wametoka majini kula majani. Na baba alikuwa amesimama kati yao na mto.

Sikuwahi kumwona baba akikimbia hadi jioni ile. Mnyama alimpita akielekea majini, akamgonga kwa ubavu tu, akamtupa. Mhudumu alitoka mbio akipiga sufuria, ardhi ikatetemeka, maji yakapasuka, kisha kimya. Tulimburuta baba ndani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alirudia jambo moja tu: "Masanja yuko wapi? Masanja yuko wapi?" Na Masanja alikuwa palepale mbele yake, mgongoni kwa mama.

Hadi leo baba anatembea kwa gongo. Kwa miaka mingi aliwasimulia wageni habari ile, na katika masimulizi yake ni yeye aliyeamua kumwacha mtoto ndani, eti moyo ulimwonya. Mama alikuwa akimimina togwa na kuitikia. Nami niliamini, ingawa nilikuwepo.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu ndipo siku moja, tukipepeta mchele na mama, nikayakumbuka mafua yale na mikono yangu ikasimama. Penye mbung'o wengi ng'ombe hawanenepi. Wala ng'ombe hatupi mavi juu ya vichaka; kiboko ndiye huyatawanya kwa mkia. Mama, binti wa wafugaji, alikuwa amejua tangu mchana. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini alimwacha baba atoke.

Akauweka ungo chini.

"Sikujua ni nini. Nilijua tu si ng'ombe. Na baba yako umkosoe habari za ng'ombe, ugenini, akusikie?" Akauchukua tena ungo. "Mtoto niliweza kumfunga mgongoni, mwanangu. Baba yako ningemfunga wapi?"