Kijiko ambacho sikuonja

Leo nimefukuza wamama kwa ajili ya kijiko kimoja cha uji.

Jamani, msinicheke bado.

Kazi yangu pale santre, kituo cha lishe cha mtaa wa Kinama, ni kuangalia wamama wasiache kuleta watoto. Mutoto asipoletwa anafutwa kwenye orodha, na posho ya nyumba nzima inasimama.

Leo mama mmoja mugeni akanirudishia kikombe cha uji: "Onja kwanza, dada."

Haki yake. Hapa kwetu anayekupa kitu anakionja mbele yako, na kwa vita hii kila mutu anaogopa sumu.

Mi nikamujibu kwa kiburi: "Apana! Niko na saumu. Kama hutaki, wacha."

Akabeba mutoto mugongoni, akaondoka. Wenzake wakaangaliana, wakamufuata.

Nikarudi nyumbani Buyenzi najiona mucha Mungu kabisa.

Nikaingia jikoni. Nikaonja chumvi ya mchuzi wa futari kwa ncha ya ulimi, nikatema. Ndivyo nafanya kila Ramadhani, najua haivunji saumu.

Kijiko kikanibaki mkononi: kumbe hata ule uji ningeuonja hivi hivi.

Kesho nitabisha kwa wale wamama na uji, nionje mbele yao. Semeni ukweli: mngekuwa nyinyi, mngenifungulia?