Namba Niliyoiandika kwa Mkono

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka mpaka harufu ya karatasi zake. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ufundi Mbeya, nikaajiriwa kwenye karakana moja ya Iringa mjini iliyofunga mitambo viwandani. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye kompyuta miongozo ya kuendeshea mitambo hiyo. Ndiyo kazi unayoianza wewe sasa, na sitaki uianze kabla hujanisikia.

Mwongozo wenyewe ulikuwa wa boila ya kiwanda cha chai, huko Mufindi. Boila ni tangi la chuma la kuchemshia maji mpaka yawe mvuke. Pale walikoka moto kwa magogo ya mikaratusi, na mvuke ule ndio uliokausha chai. Sura ya saba ilihusu hatari. Niliandika: "Maji yasipoonekana kwenye kioo cha kupimia, fuata kifungu 4.3." Kifungu hicho kilieleza kuvuta moto nje na kuiacha boila ipoe. Hilo tu, maana tangi likishakauka huku linawaka, ukiliingizia maji linapasuka.

Mama Tumaini, mhazibu wetu, alikuwa akipita nyuma yangu. Cheti cha ufundi hakuwa nacho, lakini kompyuta aliijua kama jiko lake. Akainama.

"Kaka, hizo namba za vifungu unaziandika kwa mkono?"

"Kwani kuna namna nyingine?"

"Ipo. Iambie kompyuta ishike kichwa cha kifungu chenyewe. Kifungu kikihama, namba inakifuata huko huko."

Akataka kunionyesha pa kubonyeza. Nikamcheka. Nikamwambia mimi kuhesabu nilijifunza darasa la kwanza. Mdharau mwiba guu huota tende, mwanangu. Ila guu lililoota tende halikuwa langu.

Wiki iliyofuata bosi akataka kiongezwe kifungu cha kusafisha bomba la moshi, kikae mwanzoni mwa sura ya nne. Nikakiweka. Vifungu vyote vya sura hiyo vikasogea hatua moja. Kuvuta moto kukawa 4.4. Kwenye 4.3 kikaja kile kilichokuwa 4.2, yaani kuongeza maji. Na kule sura ya saba namba yangu ya mkono ikabaki palepale. Mama Tumaini akachapa nakala moja, ikapelekwa.

Mwendesha boila aliitwa Eliasi, Mhehe mtu mzima, mpole, ambaye Jumapili ndiye aliyesoma masomo kanisani kwao. Boila ya aina ile ilikuwa ngeni kwake. Asubuhi moja kioo kikawa kitupu. Akafanya alivyoagizwa: akafungua kitabu, sura ya saba ikamtuma 4.3, akafungulia maji.

Hakufa. Mvuke ulimla jicho moja na kumkunja vidole vya mikono yote miwili. Kitabu cha chumba kile kikalowa kikawa uji, kwa hiyo wachunguzi wakaomba nakala kwetu, na bosi akanituma mimi niichape.

Nilipofungua faili nikaiona ile 4.3 yangu. Nikafuta tatu, nikaandika nne, nikachapa, nikawapelekea.

Kwenye kikao cha wachunguzi Eliasi aliletwa na bandeji zake.

"Nilisoma nne nukta tatu," alisema.

Mwenyekiti akamfunulia ukurasa. "Hapa pameandikwa nne nukta nne. Mzee, una hakika unasoma vizuri?"

Eliasi akautazama ukurasa kwa jicho lililobaki, akautazama tena. "Basi labda niliona vibaya," akasema.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema. Sikufungua kinywa. Wakamwachisha kazi kwa uzembe.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama Tumaini, aliyechapa nakala ile ya kwanza, alinisubiri nje. "Namba umeirekebisha kwa kidole, kaka," aliniambia. "Hili ulilofanya leo utalirekebisha na nini? Rudi ukaseme." Sikurudi. Naye hakunisalimia tena mpaka alipoacha kazi.

Nilikwenda kwa Eliasi baada ya kustaafu, nikiwa na mvi. Nilimkuta mkewe akipukuchua mahindi.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe, nikakaa, nikamweleza yote.

"Alishakufa," alisema nilipomaliza. "Tangu kile kikao hakusoma tena kanisani. Walimwomba, akakataa. Alisema macho yake yalimwongopea, yasije yakaliongopea Neno la Mungu. Amekufa anaamini hivyo." Akanitazama. "Sasa wewe umekuja kumwambia nani?"

Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Basi sikia, mwanangu. Namba ya kifungu, ya jedwali au ya picha usiiandike kwa mkono, hata kama kitabu kina kurasa nne. Tumia rejeo la kompyuta lenyewe, lililofungwa kwenye kichwa cha kifungu. Halafu usilale ukiliamini, kwa sababu mara nyingi namba hazibadiliki mpaka uziamuru: kabla ya kuchapa chagua maandishi yote, bonyeza kitufe cha F9, kisha fuata kila rejeo kwa jicho lako uone linamfikisha msomaji wapi. Anayekufundisha hayo akiwa mhazibu au mfagizi, mwite mwalimu.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya yule uliyemkosea, akingali na masikio ya kukusikia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimemlea peke yangu, na hakui akaondoka.

Mungu akupe mkono usioona uvivu kukagua na ulimi usioogopa kukiri. Na kila atakayefungua kitabu chako kazini, akifunge akiwa mzima.