Hasnija na Bakuli la Tanuru

Wifi yangu Hasnija, mke wa kaka yangu Rasim, alilisha tanuru la chuma hapa bondeni kwetu Bosnia tangu usichana wake hadi alipostaafu. Hakuwa msemaji, ila ukimchokoza utamjua.

Kazi yake ilikuwa kupandisha kwa mashine matoroli ya mawe ya chuma, makaa na chokaa hadi mdomoni mwa tanuru. Huko juu kulikuwa na bakuli kubwa. Toroli likishamwaga, bakuli huzungushwa kidogo ili mzigo unaofuata uangukie upande mwingine. Lisipozunguka, mawe makubwa hubingirika upande mmoja, chenga zikalala upande wa pili. Moto nao ni kama maji, hupita penye njia rahisi. Utapita kwenye mawe makubwa na kula matofali ya ukuta pale pale kila siku.

Mwanamke wa kwetu hahitaji kufundishwa hayo. Tukioka pita, mkate wetu wa kujazwa nyama, makaa tunayatandaza sawasawa juu ya mfuniko unaoufunika. Ukiyarundika upande mmoja utakula nusu mkaa, nusu unga mbichi.

Kiangazi kimoja kiwanda kilitangaza mashindano: tanuru litakalotoa chuma kingi zaidi kati ya mawili, watu wake watapelekwa baharini na familia zao. Rasim, aliyefanya kazi chini ya tanuru lile lile, akanunua kaptula nyekundu ya kuogelea, akawa anaivaa sebuleni.

Ndipo bakuli likakwama. Msimamizi Ferid akasema liachwe hivyo hivyo mpaka mashindano yaishe, maana kulitengeneza ni kusimamisha tanuru. Hasnija akaendelea kulisha. Wa zamu nyingine nao wakalisha. Nani hataki bahari?

Siku chache baadaye Rasim alirudi kazini nyusi zimeungua. Mimi nilikuwa kwao, nasukuma unga.

"Ukuta wa upande wangu unachoma hata ukiwa mbali," alisema.

"Na chuma?" Hasnija akamuuliza.

"Kizito kama uji wa jana. Makaa tunateketeza, chuma hakiongezeki."

"Basi kesho sipandishi kitu."

"Mke wangu, na bahari?"

"Unataka kwenda baharini mzima au ndani ya jeneza?"

"Kaka," nikamwambia, "hiyo kaptula hata mtoni inaogelewa."

Kesho yake matoroli yakasimama. Ferid akapanda ngazi akihema.

"Hasnija, umelala?"

"Niko macho, bwana Ferid. Mkeo akirundika makaa upande mmoja wa mfuniko, hiyo pita unaila?"

"Namrudishia mwenyewe."

"Nami nakurudishia. Kiti hiki hapa, kaa ulishe. Ila kwanza kasimame anaposimama Rasim."

Akashuka. Aliporudi alikuwa anajifuta shingo, na mafundi wako nyuma yake.

Baharini walikwenda wa tanuru la pili, wakatuletea tini. Bakuli lilipozunguka tena, ukuta ulipoa, makaa yakapungua, chuma kikatoka chepesi. Rasim alinuna mpaka majani yalipopukutika.

Miaka ilipita. Tanuru lilipozimwa lijengwe upya ndani, ukuta ulikutwa umelika sawa pande zote, isipokuwa juu ya pale aliposimama Rasim. Hapo palikuwa na shimo la kumtosha mtu kukaa, na nyuma yake tofali lililomtenga na moto limebaki upana wa kiganja. Rasim akapanda, akakaa ndani yake, akamwita mkewe aje aone.

Hasnija akatazama lile tofali, kisha mumewe.

"Kaa vizuri," akamwambia. "Hiyo ndiyo bahari yako."