Kifaru cha Fundi Naseeb

Mtu akiharibikiwa redio Mpanda, miaka ile redio zilipokuwa redio, alielekezwa mtaa wa Makanyagio kwa Fundi Naseeb. Wakulima wa Mpimbwe walimletea za kwao zimefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Simu zilipoingia, akajifunza simu. Mkewe, Zaitun, aliuza vitenge chumba cha mbele, na kutwa nzima akigeuza shingo aliona kisogo cha mumewe kimeinama kibandani, na moshi mwembamba wa solda ukipanda juu ya bega lake.

Macho ya Naseeb yalianza kuharibika kutokea pembeni. Alimwaga chai iliyokuwa jirani na kiwiko chake. Akapishana na bajaji barabarani kwa kunusurika tu, na alipofika nyumbani akaapa haikupiga honi. Zaitun akadhani ni umri. Siku aliyomkuta mumewe anapapasa mezani akitafuta bisibisi iliyolala wazi mkono wa kushoto, alifunga duka, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu mpole. Aliwaambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Wakaomba rufaa, wakasafiri hadi Mbeya, na huko wakaambiwa yaleyale.

Waliporudi, Naseeb alikifunga kibanda. Simu zina vitu vidogo mno, alisema, hawezi kuwaharibia watu mali zao. Akakaa uani siku nyingi bila kazi, mikono imelala mapajani, hadi asubuhi moja akasema, "Mama Amira, nataka kutengeneza kifaru."

Zaitun alimfikiria mnyama. "Cha udongo?"

"Kifaru cha vita. Kile cha Kirusi, T-72. Nakitaka kiwe sawasawa na chenyewe, ila kidogo."

"Cha kazi gani?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Kwenye gari watu wanaweka urembo. Kwenye kifaru hakuna kitu kilichokaa bure, kila kinundu kina sababu yake. Nataka nikijue chote wakati bado naona."

Zaitun hakuelewa vizuri, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu Mbeya kumsikia anataka kitu.

Binti yao, Amira, aliyeolewa Tabora, alitafuta michoro kwenye mtandao, akaichapisha mikubwa na kuwatumia kwa basi. Naseeb akaibandika ukutani. Alipanga kwamba kila sentimita kumi na sita za kifaru cha kweli ziwe moja kwenye chake. Manyanda, seremala wa mtaa wa pili, alimpa masalio ya mbao za mninga, na kutoka humo akachonga bodi na kile kichwa cha mviringo kinachozunguka juu yake. Mzinga aliupata kwenye antena ya redio kuukuu. Katikati akauzungushia uvimbe, maana mzinga wa kweli una uvimbe hapo wa kuvuta moshi. Kazi kubwa ilikuwa minyororo inayozunguka magurudumu. Alikata sufuria kuukuu ya alumini vipande vidogo, akavitoboa kimoja kimoja na kuviunga kwa waya mwembamba, hadi mnyororo ukawa unajikunja kama kitu hai.

Siku moja alipima mnyororo, akakuta umezidi upana kwa unene wa kucha. Akautupa wote.

"Fundi," alisema Manyanda, aliyekuwa amekuja kutazama, "sasa hapa Mpanda nani atajua?"

"Mimi," alijibu Naseeb, akachukua sufuria nyingine.

Miezi hiyo nyumba ilichangamka. Naseeb alikula vizuri na kuzungumza. Zaitun akaanza kuwaza kwamba labda matone yanafanya kazi, labda madaktari walikosea. Hakumwambia mtu, ila kwenye swala zake aliomba kwa moyo wa mtu aliyeona dalili.

Dalili zilikuwa kinyume. Mwanzoni mumewe alifanyia kazi ndani, kisha akahamia mlangoni, kisha uani kwenye jua kali. Alikuwa akigeuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Masika yalipoingia, na mawingu yakatanda kutwa nzima, alishindwa kabisa. Zaitun alimkuta ameshika gurudumu alilolimaliza wiki iliyopita. Alikuwa amelipiga tupa upya akidhani bado, na limekwisha kuwa dogo.

Naseeb aliliweka gurudumu kando. "Kaa hapa," alisema. "Nitakuelekeza."

Hivyo Zaitun, aliyezoea kupima vitenge kwa mkono, akajifunza kushika tupa na koleo ndogo. Alijikata vidole, akagombezwa na yeye akagombeza. Naseeb alikagua kwa dole gumba, akipitisha ukucha kwenye kila ukingo. "Hapa kumepanda," alikuwa akisema, na Zaitun akiinamia aliona kweli kumepanda. Walikuwa hawajazungumza kiasi hicho tangu walipokuwa wachumba. Wateja wa vitenge walisubiri.

Waliporudi hospitali, daktari alisema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaelekea huko.

"Bado muda gani?" Naseeb aliuliza.

"Siwezi kukudanganya, mzee. Sijui."

Kabla masika hayajaisha Naseeb hakuweza tena kutofautisha mlango na ukuta.

Wakati huo kilikuwa kimebaki kidogo. Mnyororo wa kushoto ulikuwa nusu, na taa kubwa inayokaa kando ya mzinga haijawekwa. Kifaru kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi yake ya kijani. Zaitun alitengeneza taa kwa kioo cha tochi ndogo, ikapendeza. "Upande wa kulia wa mzinga," alielekeza Naseeb. Zaitun alikuwa amekaa mbele ya kifaru, mzinga unamtazama yeye. Akaibana taa kwa gundi kali, akapuliza, akampa.

Vidole vya Naseeb vilipanda taratibu kwenye mzinga, vikapita uvimbe, vikafika kwenye taa. Vikasimama.

"Kulia kwa kifaru," aliuliza, "au kulia kwako?"

Zaitun alinyoosha mkono kwenye taa. "Ngoja niibandue."

"Gundi hiyo itatoka na rangi. Na mbao pia."

"Tutapaka upya."

"Nani atapaka?"

"Mimi, Baba Amira."

"Acha," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Zaitun. Mtu aliyetupa mnyororo mzima kwa unene wa kucha alisukuma kifaru kando, kama mtu anayesukuma sahani akiwa hana njaa.

Kesho yake Zaitun aliibandua. Mbao ilinyofoka kidogo, akaiziba, akapaka rangi, akaiweka taa panapostahili. Akaenda kumwambia. "Sasa iko kulia kwa kifaru. Shika uone."

"Sawa," alisema Naseeb, na hakunyoosha mkono.

Watu walikuja kukiona. Manyanda aliwaleta maseremala wenzake, wakakizunguka wakisema hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho Katavi nzima. Naseeb aliwaitikia salamu akiwa mkekani. Walipomuuliza maswali alijibu kwa neno moja moja. Walipoacha kuja, hakuuliza kwa nini. Amira alipiga simu kila Ijumaa, na baba yake alimwambia yuko salama, kisha akarudisha simu kwa mkewe.

Kiangazi kilipoanza, Zaitun alikitoa kifaru uani na kuanza kukata vipande vya mnyororo wa kushoto peke yake. Alipiga tupa kwa sauti, makusudi, Naseeb akiwa kwenye kiti hatua chache kutoka kwake. Alingoja aambiwe pole pole, au kumepanda. Hakuambiwa. Ilimchukua alasiri nyingi. Mnyororo ulipotimia na kuzunguka magurudumu, hakujua kama unatakiwa ukazwe au ulegee kidogo juu, maana michoro ilikuwa imefifia ukutani na haikuonyesha vizuri.

"Baba Amira, mnyororo huu unakazwa au unaachwa ulegee?"

Naseeb aliegemea kiti.

"Vyovyote," alisema.

Zaitun alibaki amekipakata kifaru, na koleo mkononi. Adhana ya alasiri ilipolia alikiweka chini, mnyororo ukiwa bado haujafungwa, akaenda kumshika mumewe mkono ampeleke kwenye maji ya kutawadha.