IN Iliyong'olewa Ukutani

Jamani, leo tumemuaga mwalimu wetu kwa tusi!

Mama Lucia, Mtaliano aliyetufundisha kushona hapa Chang'ombe, anarudi kwao moja kwa moja. Mie nikapendekeza tumwandikie kwa lugha yake: INDIMENTICABILE. Yaani, asiyesahaulika.

Kitambaa cha kuandikia, cha kutundika ukutani, kikawa kifupi. Mwenyekiti wa kikundi chetu, Mzee Mponda, akataka tuligawe neno kwenye vipande viwili: IN huku, DIMENTICABILE kule.

"Shikamoo mzee. Tusikate hapo," nikamwambia. "Hiyo IN ndiyo inayokanusha, kama 'si' yetu. Tuandike INDIMEN, halafu TICABILE. Silabi zinaruhusu."

"Marahaba. Kwani IN si silabi, binti?"

Ni silabi, ndiyo! Lakini imebeba maana yote!

Hakunisikia.

Leo spika kubwa ikakosa pa kukaa. Mzee akang'oa kile kipande cha IN, akaiweka spika pale. Mie nilikuwa uani, napakua pilau.

Kupitia mlangoni nikamwona Mama Lucia akiingia, akasoma ukutani. Tabasamu likamkauka.

Wa kusahaulika! Baada ya miaka yote ile!

Nikamkimbilia na mwiko mkononi, nikamweleza. Akacheka, akanikumbatia, lakini macho yake yalishalowa.

Na mzee je? Kashika kipaza sauti: "Wageni wetu, huyu binti aliyejitia kujua Kitaliano ndiye aliyekosea."

Na watu wakampigia makofi!

Heshima kwa wazee naijua, nimelelewa. Ila kile kipaza sauti nilimpokonya.

Haya, nyie mlio humu, nijibuni: nilivuka mpaka?